Anza na Mwenye Njia Moja

Chelangat,

Mjukuu wangu, una akili kuliko mtu yeyote niliyemzaa au kumlea, na jana wakati wa chakula ulizitumia vibaya. Ulinawa mkono, ukaukausha kwa sketi, ukasema, "Kogo, kesho kutwa siendi Eldoret. Nitaenda mwaka ujao." Kisha ukamega ugali wangu kama mtu aliyesema mvua itanyesha. Nani alikupa ruhusa? Chuo hakikungoji. Barua yao umenisomea wewe mwenyewe: asiyefika Ijumaa, nafasi yake inapewa mwingine. Au ulidhani nimeshasahau kwa sababu sikusoma mwenyewe?

Tena usidhani nilinyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa sababu ulinipiga na maneno yako yale yale ambayo nimeyasifu kwa kila mtu kutoka hapa mpaka Roret. Ulisema, "Si ni wewe husema niko sawa? Mtu aanze na mwenye njia moja. Wewe una njia moja tu, ni mimi. Mimi nina njia nyingi." Nikatafuna tu. Leo jibu ninalo, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu wakati kuku hawajafungiwa.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo unanishinda. Nikisema neno moja, wewe umeshasema matatu na umeinuka kuosha vyombo. Karatasi haina mdomo wa kukurudishia. Umeenda Roret kumuaga shangazi yako, tena umeenda umenuna, nimekuona ukipiga teke kokoto mpaka kwenye kona. Kabla hujarudi nitakuwa nimemaliza. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kule gumbaru, nikiwa mtu mzima mwenye mtoto mgongoni. Na ndicho kilichokulea. Mama yako aliolewa hapa na Kikisii chake, akatukuta na Kikipsigis chetu, Kiswahili kikakaa katikati kama chumvi, kila mtu akachota. Ukiona makosa ya herufi, nyamaza.

Sitakuambia ule, uombe, ujifunike, uchague marafiki. Mama yako ameyasema yote kwenye simu mpaka simu ikazima. Mwache aseme. Tangu mwanangu Daudi, baba yako, alipotutoka, mama yako yuko kule kwenye mashamba makubwa ng'ambo ya Kericho akichuma chai ya watu, na nyumba hii anaiona mwisho wa mwezi. Hakupewa ruhusa ya kuja kukuaga. Kwa hivyo hayo ya kula na kujifunika ni yake. Mimi nina yangu.

Meza yangu umeikuta ikiwa meza. Hujui ilivyokuwa shida kuifanya meza. Niliiweka pale kwenye kituo cha kununulia majani kwa sababu wachumaji hukaa pale na magunia yao wakingoja lori, na lori likichelewa mtu anaona njaa. Nikauza chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha. Lakini kilicholeta watu si chai, chai kila mtu anayo kwake. Kilicholeta watu ni chenji.

Wenye mashamba madogo wa huku wana tabia moja na hawataiacha mpaka Bwana arudi. Vibarua watatu wakichuma siku nzima, kila mmoja na kilo zake, mwenye shamba anawapa noti moja. "Mjigawie." Anapanda pikipiki, anaenda. Sasa noti utaigawaje, utaikata kwa kisu? Kwa hivyo wanakuja kwangu, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na mimi naivunja kutoka kwenye mkebe wangu. Siku hizi wanatuma kwa simu, na hata kwa simu wanatuma kwa mchumaji mmoja, kwa Wesley, na Wesley anaitoa ikiwa noti, na bado wote watatu wanasimama mbele yangu. Umeona hata wewe.

Na mimi kwa chenji nilikuwa mbaya. Nasema hivyo bila kulia. Kuna msimu sarafu zilipotea kabisa, hata kwenye sadaka zilikuwa haba. Nikanunua pipi, nikawa nazitoa badala ya shilingi. Ukinidai tano, shika pipi. Nikaona nimepata dawa. Watu walinuna, lakini arap Chumo hakununa hata siku moja. Anapokea, anatia mfukoni, anasema asante Kogo. Nikasema, huyu mzee ndiye mtu mwenye adabu hapa kituoni. Siku moja akaja akaagiza chai, mahindi, na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, juu yake. Akala polepole kama bwana harusi. Alipomaliza akavua kofia, akaipindua juu ya meza yangu. Pipi tupu.

"Hii ni nini, arap Chumo?"

"Ni pesa yako, Kogo. Si ndiyo ulinipa?"

"Pipi si pesa."

"Ilipotoka kwako ilikuwa pesa. Imeugulia wapi?"

Watu walicheka mpaka karani wa mizani akatoka nje kuona kuna nini. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa chini ya meza na mwanasesere wako wa gunzi, ukacheka kuliko wote, kisha ukaanza kuzila. Nikazipokea zile pipi. Ningefanya nini? Nyingine zilikuwa zimenata kwenye uzi wa kofia. Ungedhani siku hiyo nilijifunza. Sikujifunza kitu, nilikasirika tu. Kujifunza kulikuja baadaye, na kulitoka kwako, na ndiyo maana nakuambia leo kitu ambacho sijawahi kukuambia usoni: mimi nakuogopa kidogo, vile mtu anavyoogopa kitu kizuri kinachozidi mikono yake.

Kumbuka ile wiki mvua ya mawe ilipopiga chai. Ulikuwa darasa la pili. Vichaka vyote vilikuwa vimechanika, hakuna kuchuma, hakuna lori, hakuna meza. Tulikaa jikoni tukaota moto. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kutafuta njia za kutengeneza shilingi ishirini. Ukaniomba mkebe, nikakataa, mkebe si mchezo. Basi ukajitengenezea pesa zako. Punje ya mahindi ikawa shilingi, haragwe likawa tano, kijiti cha chai kikawa kumi, kifuniko cha soda kikawa ishirini. Ukalala kwa tumbo sakafuni ukapanga mistari.

Nikaona uchungu wa kushindwa na mtoto, nikashuka kwenye kigoda nami nikapanga. Nikapata njia sita. Nikatafuta, nikapata ya saba. Nikapata ya nane nikajipigia makofi. Wewe ulikuwa umepanga kumi na unakula mistari iliyobaki, namaanisha yale mahindi.

"Ni kumi, Kogo."

"Labda kuna ya kumi na moja."

"Hakuna."

"Umejuaje, na hujatafuta hata dakika?"

Ukaniangalia kwa huruma. Ukasema, "Nilianza na kifuniko, kikaisha. Nikaja vijiti viwili, vikaisha. Nikaja kijiti kimoja, nikatoa maharagwe moja moja mpaka yakaisha. Nikaja bila kijiti, nikafanya hivyo hivyo. Sasa hiyo ya kumi na moja itakaa wapi?"

Chelangat, mimi njia nane nilizipata kwa kurukaruka, hapa na pale, kama kuku anayetafuta mtama. Kupata kumi hakukunishangaza, watoto wengi wangezipata. Kilichonishangaza ni kwamba ulijua umemaliza. Mimi katika maisha yangu sijawahi kujua nimemaliza kutafuta kitu. Ng'ombe akipotea, natafuta mahali pale pale mara nyingi. Wewe ulifunga mlango mmoja, ukaenda mwingine. Usiku ule nilimwambia Mungu, huyu umemtuma kwa nani, maana kwangu ni mkubwa mno.

Halafu ikaja ile siku ya mkebe. Wewe hupenda niisimulie, na nikiisimulia unajifanya huisikii. Sasa isome.

Walikuja watatu na noti ya mia tano. Wesley alikuwa anadai mia mbili na themanini, kwa sababu mikono yake ni kama mashine na mdomo wake vilevile. Arap Chumo mia moja sitini na tano. Na Mama Nyaboke hamsini na tano tu, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaanza kumkunjika. Mkebe ulikuwa karibu mtupu. Kulikuwa na noti moja ya mia mbili, moja ya mia, moja ya hamsini, sarafu saba za ishirini, na tano mbili. Basi. Ukijumlisha ni mia tano kamili, hata mimi hilo nililiona.

"Kogo, anza na mimi," Wesley akasema. "Nina haraka, na mimi ndiye nimechuma nyingi. Hawa wengine ni wa mbao mbao, ishirini ishirini."

Nikaanza naye. Siku zote nilikuwa naanza na mwenye nyingi. Nilidhani ndiyo heshima, na pia ndiye aliyekuwa na kelele. Na hata kumlipa, nilianza na kubwa: mia mbili mkononi, hamsini juu yake, ishirini, na tano zote mbili. Mia mbili themanini. Akafunga ngumi. Nikageukia arap Chumo: mia, ishirini, ishirini, ishirini. Mia na sitini. Tano haiko. Nikatikisa mkebe, kana kwamba tano hujificha. Mama Nyaboke yeye alikuwa amesimama nyuma, ameshajua. Kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomfanyia kila wakati. Ningempa arubaini, nimwambie, "Kumi na tano utachukua kesho." Na kesho ya mtu wa mwisho unaijua ilivyo, inaenda ikirudi nyuma. Aliponyoosha mkono siku hiyo hata hakuangalia mkebe. Aliangalia barabara.

Wewe ulikuwa unaandika kazi ya shule kwenye ncha ya meza. Ulikuwa na miaka tisa. Hukuinua hata kichwa.

"Kogo, anza na Mama Nyaboke."

"Nyamaza, watu wazima wana shughuli."

"Mama Nyaboke ana njia moja ya kulipwa. Hamsini na tano. Ukimpa Wesley hiyo hamsini na hizo tano, Mama Nyaboke amekwisha. Arap Chumo pia ana moja. Wesley ana tatu."

"Tatu gani?" Wesley akasema. "Mimi nimeshalipwa, maze."

Ukainuka. Ukaenda mbele ya Wesley, kichwa chako kikifika kwenye mshipi wake, ukafungua kiganja. "Rudisha."

Na akarudisha. Sijui mpaka leo kwa nini alirudisha, mimi nisingemwambia. Ukazimwaga zote mezani. Ukampa Mama Nyaboke hamsini na tano moja. Ukampa arap Chumo mia, ishirini tatu, na tano ya pili. Ukampa Wesley mia mbili na ishirini nne. Mkebe ukabaki na ile noti ya mia tano peke yake. Arap Chumo akachungulia ndani, akasema, "Kogo, leo hakuna pipi?"

Mama Nyaboke alizihesabu, akazihesabu tena, akazifunga kwenye ncha ya leso. Alikuangalia wewe, hakuniangalia mimi. Nilistahili.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi nikiwa nakamua, na nataka uchukue vitu viwili ndani yake, kwa sababu najua wewe umechukua kimoja tu. Kile ulichochukua ni cha kuanza na mwenye njia moja. Kizuri. Mwenye mengi ana namna nyingi za kulipwa, anaweza kungoja, na anayepiga kelele mara nyingi ndiye anayeweza kungoja kuliko wote. Lakini kuna kile kingine. Ulisema rudisha. Mimi nilikuwa nimeshatoa, na katika nyumba hii nikishatoa nimetoa. Ningekaa pale nikitikisa mkebe mpaka giza kuliko kumwambia Wesley afungue mkono. Ujinga wangu haukuwa wa kujumlisha. Ujinga wangu ulikuwa wa kutorudi nyuma.

Nikupe mfano ambao hukuuona, maana ulikuwa hujazaliwa. Kuna mwaka bonasi ya chai, yale malipo ya mwisho wa mwaka, ilipanda, watu wakanunua mabati na redio. Babu yako alitaka kuacha shamba lilivyo: chai juu, mahindi katikati, nyasi za ng'ombe chini, mboga ya sukuma kando ya nyumba. Mimi ndiye niliyesema tupande chai mpaka mlangoni. Tukang'oa mahindi, tukang'oa nyasi, tukang'oa sukuma. Nilipanda miche karibu sana na jikoni hivi kwamba moshi ulikuwa unaingia kwenye majani, na karani wa mizani akayanusa akauliza kama tunachuma au tunakausha nyama. Kisha bonasi ikashuka. Tukawa tunanunua unga. Tukawa tunanunua maziwa, sisi, Wakipsigis, tunanunua maziwa dukani. Unasimama mlangoni, kijani kila upande mpaka kwenye kilima, na hakuna jani hata moja la kuweka kwenye sufuria.

Babu yako alisema tung'oe mistari michache tu hapa kando ya nyumba. Nikasema, "Nimeshapanda." Mwaka uliofuata akasema tena. Nikasema, "Nimeshapanda." Nililisema neno hilo mpaka likawa jina langu, watu waliniita Mama Nimeshapanda, na nilijua. Siku moja nikaenda harusi Sigowet. Nilirudi nikakuta mashimo. Alikuwa ameng'oa peke yake, na unajua mizizi ya chai ilivyo, inang'ang'ania ardhi kama mtu na urithi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imechubuka. Sikumsemesha mpaka mahindi yakakomaa. Nilikula mahindi yale kwa hasira, nikaomba mengine.

Kwa hivyo hayo mawili uende nayo. Na usimcheke anayehesabu kwa vidole. Ulimcheka mtoto wa Rebeka mbele ya watu, nikakutoa kwa sikio, na ningekutoa tena.

Sasa turudi kwa jana. Najua kilichokufanya useme huendi. Wiki jana ulihesabu mkebe jioni, ukakuta pesa hazitoshi. Nilikuona ukiangalia jicho langu la kushoto. Ni kweli. Lina ukungu. Sarafu sina shida nazo, nazijua kwa vidole hata gizani. Noti ndizo zinanidanganya. Nilimpa mpita njia mia mbili nikidhani ni hamsini, na yeye akashukuru sana, ningejua kutokana na zile shukrani. Ndipo wewe ukapiga hesabu yako: Kogo haoni, Kogo ana mimi tu, basi nibaki.

Leo ulipoingia kwenye kona nilivaa gambuti, nikashuka kwa Mama Nyaboke.

Unajua sijawahi kuingia kwa yule mama. Miaka yote hii tunaishi tunaangaliana moshi. Sijawahi kumwomba mtu yeyote wa kilima hiki kitu, wala chumvi, na kwenda kumwomba yeye kati ya watu wote, miguu ilikuwa mizito kama nimebeba gunia lililonyeshewa. Nilipita mlango wake mara ya kwanza nikajifanya naenda mtoni. Nikarudi. Alikuwa nje anapepeta maharagwe kwa mikono yake ile iliyokunjika.

"Mama Daudi. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Kwangu? Basi kuna mtu amekufa."

"Hakuna aliyekufa. Nataka macho yako."

Aliweka ungo chini akacheka mpaka akashika ukuta. "Vidole vilikwisha kwenye chai. Sasa unataka macho. Nitazikwa na nini?"

Nikamwambia. Kwamba unaenda, kwamba umekataa kwenda, kwamba mezani kunahitajika mtu anayeona noti. Kwamba akae na mimi, mimi nipike, yeye ashike mkebe, faida tugawane.

"Nusu?"

"Theluthi."

"Mama Daudi, kati yetu anayeona ni nani?"

"Nusu. Lakini kuni utaleta wewe."

"Kuni tutaokota wawili, kama wasichana." Halafu akawa mtu mwingine, akakaza uso. "Lakini nina neno. Utaenda Kaplong hospitalini jicho litazamwe. Sitaki kukaa na mtu anayeniona kama moshi."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Hiyo nafasi ni ile kesho yako ya zamani? Ninaijua sana. Taja siku au urudi ukatafute macho mengine."

Nikasema Alhamisi ijayo. Akasema atanisindikiza, kwa sababu haniamini. Nilipokuwa naondoka akaniita. Akasema, "Yule mtoto alianza na mimi, siku watu wote walikuwa wakimalizia na mimi. Asibaki hapa kwa ajili ya jicho la mtu. Nitakuja kumtandika mwenyewe." Na angekutandika. Nilipanda kilima nikihema, na nakuambia ukweli, nilijisikia mwepesi. Kuomba kumbe si kufa. Ningejua hilo mapema ningekuwa na marafiki.

Basi hesabu upya. Mimi nina Mama Nyaboke mezani. Nina Kaplong Alhamisi. Nina mama yako mwisho wa mwezi. Nina Wesley, ambaye ni kelele lakini hajawahi kunipita nimebeba maji bila kunipokea. Nina shangazi yako pale Roret, na nina simu, na nina vidole vinavyojua sarafu. Hesabu vizuri, anza na kubwa au anza na ndogo, mimi njia ninazo nyingi, na nyingine sijazitaja kwa sababu ya kiburi. Wewe una Ijumaa. Hiyo tu. Ikipita, hakuna punje ya mahindi utakayoiweka mahali pake.

Mwenye njia moja ni wewe, Chelangat. Ulikosea.

Sijawahi kukukamata na kosa la hesabu tangu ulipojua kusema moja. Leo nimelikamata, na nimefurahi kama mtu aliyepata ng'ombe wake. Na nitakuambia lilipotoka. Kujumlisha kwako hakukuwa na shida. Hukuniuliza. Ulikaa upande wako wa meza ukanihesabia njia zangu bila kufungua mkebe uone kilichomo. Uliona jicho moja lina ukungu, ukadhani na mimi mzima nina ukungu. Huko unakoenda utakutana na watu wengi wenye shida, na kwa hiyo akili yako utataka kuwapangia. Waulize kwanza wana nini. Hata maskini kama Mama Nyaboke alikuwa na macho mawili mazuri, na mimi miaka yote sikujua nilikuwa nimekaa karibu na mali.

Sina zaidi. Mkono umechoka, na kuku wamejifungia wenyewe. Wanasema huko chuoni utafundishwa hesabu ambazo hazina hata namba ndani. Sielewi, lakini nikiambiwa kuna mtu wa kuzielewa nitamwonyesha kwa kidole nyumba aliyotoka. Nimewaambia watu wote kituoni. Arap Chumo amesema uende ukawashinde, na kwamba usikubali kulipwa kwa pipi.

Barua naiweka juu ya sanduku lako, uisome ukirudi, halafu usinijie chumbani kubishana. Nitakuwa nimelala, na kama sijalala nitajifanya. Kesho usipite jikoni. Mimi nitakuwa kwa ng'ombe, na nikikuona na koti lako nitasema jicho linauma, nitasema uongo mbaya, na wewe utauamini. Maziwa yako yatakuwa kwenye chupa mezani. Yachukue, beba sanduku, toka kwa mlango wa mbele, na uwe umefika barabarani kabla sijamaliza kukamua.

Kogo wako